Ujira wa Fundi Si Akiba ya Mradi

Yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi wa darasa, awe mwalimu mkuu, mtendaji wa kata au mjumbe wa kamati ya shule, anaijua siku ile. Boma limekwisha simama, mbao za paa zimekwisha fika, lakini daftari linaonyesha kwamba fedha iliyobaki haitoshi bati, rangi na ujira wa fundi kwa pamoja. Kamati inakutana chini ya mwembe. Mwenye duka la vifaa hapunguzi, kwa sababu hatoi bati mpaka alipwe. Mwenye lori hapunguzi, kwa sababu hawashi gari mpaka apate ya mafuta. Basi macho ya wote humgeukia fundi, na sauti ya upole husema: Fundi, hapa huna budi utusaidie, tupunguzie kidogo, shule hii ni ya watoto wetu wote.

Tunapenda kuizungumza siku hiyo leo bila ya kuficha neno, kwa kuwa wasomaji wa ukurasa huu wengi ni watumishi wa Serikali na walimu, na katika kikao cha chini ya mwembe ndio wenye kalamu. Swali ni jepesi kuliuliza: je, fundi akubali kupunguziwa? Jibu letu ni kwamba fundi aliyekwisha anza kazi kwa bei iliyoandikwa asikubali, na mtumishi wa umma asimwombe. Sababu zake si za huruma peke yake.

Kwanza tuseme haki ya utaratibu wenyewe. Tangu Januari 2016, Serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada, watoto walijaa madarasani kuliko vile majengo yalivyoweza kuwapokea. Mikoa ya Kanda ya Ziwa, yenye watu wengi na uzazi mwingi, ililielewa jambo hilo mapema. Njia iliyochukuliwa ni ile ambayo watu wameizoea kwa jina la fosi akaunti: shule inapokea fedha, kamati za shule zinanunua vifaa, na fundi wa mahali pale anapewa kazi ya ufundi tu, bila mkandarasi wa kati. Oktoba 2021 utaratibu huo ulipata mtihani wake mkubwa. Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, na ndani yake yakawemo madarasa 15,000: ya sekondari 12,000 na ya vituo shikizi 3,000. Kila darasa lilipangiwa shilingi milioni 20, na lilitakiwa kuwa tayari kabla ya wanafunzi kufungua shule Januari 2022.

Madarasa yale yalijengwa. Watoto ambao wangesubiri zamu ya kuingia kidato cha kwanza waliingia kwa pamoja. Hilo ni jambo la kujivunia, na anayelibeza haoni mbali. Fedha ile, kama ingepitia kwa makandarasi wakubwa, isingejenga vyumba vingi kiasi kile. Lakini yafaa tujiulize nafuu hiyo ilitoka wapi. Sehemu yake ilitoka kwenye faida ya mkandarasi ambayo haikulipwa. Sehemu ilitoka kwa wananchi waliosomba mawe na maji. Na sehemu nyingine, ambayo haiandikwi katika taarifa yoyote, ilitoka mfukoni mwa fundi.

Tufanye hesabu, na hesabu hii ni ya mfano tu, kila mwalimu anaweza kuweka tarakimu za shule yake. Tuseme fundi amepatana shilingi milioni 3 kwa ufundi wa darasa moja, kazi ya siku 30. Ana saidia fundi 6, kila mmoja shilingi 10,000 kwa siku: hiyo ni milioni 1 na laki 8. Ana fundi mwenziwe wa kujenga naye, shilingi 20,000 kwa siku: laki 6. Chakula cha mchana cha kundi lile, nauli, kamba, misumari ya jukwaa na kunoa misumeno, tuseme laki 2 na nusu. Fundi mwenyewe anabakiwa na laki 3 na nusu. Gawanya kwa siku 30, utapata shilingi zisizofika 12,000 kwa siku, yaani amemzidi saidia wake kidogo tu, naye ndiye mwenye kupima, mwenye kulaumiwa, na mwenye kulala akifikiri kama ukuta wa kaskazini umenyooka.

Sasa kamati inamwambia: punguza asilimia 10. Ni kidogo, wanasema. Asilimia 10 ya milioni 3 ni laki 3. Saidia fundi wanalipwa kila jioni au kila Jumamosi, hao hawapunguziki. Fundi mwenzake hapunguziki. Chakula kimekwisha liwa. Laki 3 zinatoka katika zile laki 3 na nusu, naye anabaki na shilingi 50,000 kwa mwezi mzima wa kazi ya juani. Kile ambacho mezani kiliitwa asilimia 10, kwake yeye ni sita ya saba ya jasho lake. Wajumbe wa kamati si watu wabaya. Hawakupiga hesabu hiyo kwa sababu hakuna aliyewaambia waipige.

Au fundi ataishusha hasara hiyo kwa walio chini yake. Atawaambia vijana kwamba kuanzia kesho ni shilingi 8,000, au atawalipa wiki mbili na kuwaahidi ya tatu. Kijana wa Buhongwa au wa Kisesa aliyeacha jembe kuja kuchanganya zege ndiye atakayekuwa amelipia bati za shule, bila kuulizwa na bila risiti.

Kwa nini mkato humwangukia fundi, wala si mwenye duka? Watu husema kwamba bei ya fundi haina msingi, anataja tu. Hilo si kweli. Sababu ya kweli ni kwamba fundi peke yake, katika wote wanaouza kitu kwa mradi ule, ndiye aliyekwisha kabidhi mali yake kabla ya kulipwa. Saruji isiyolipiwa ingali dukani. Kokoto isiyolipiwa ingali kwenye mwamba, na kina mama wa Mwanza wanaoponda mawe kwa nyundo kandokando ya barabara hawaipakii mpaka waone fedha. Lakini ukuta uliojengwa hauwezi kung'olewa ukarudishwa nyumbani kwa fundi. Amekopesha bila kuandikishana mkopo. Na mwenye kukopesha namna hiyo, siku ya upungufu, ndiye wa kwanza kuguswa. Kwa maneno mengine, tunampunguzia si kwa sababu bei yake ni kubwa, bali kwa sababu hana cha kutuzuilia.

Huko visiwani jambo hili ni zito zaidi. Milioni 20 ya darasa la Nyamagana ilikuwa ndiyo milioni 20 ya darasa la Ukerewe. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko kwa malori yanayokwenda Sengerema na Geita, na vifaa vya ujenzi vinapita usiku na mchana. Lakini saruji ya Kome bado inavuka maji kutoka Nyakaliro. Nondo za Nansio bado zinakuja kwa meli kutoka Mwanza au kwa kivuko cha Kisorya na Rugezi, na za Ukara zinapanda chombo mara ya pili. Kila mara mzigo unapopakuliwa na kupakiwa upya, kuna mpagazi wa kulipwa na kuna mifuko inayopasuka. Nao watu wa Ukara hawahitaji kuelezwa kwamba kuvuka si mchezo: Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka hatua chache kabla ya kutia nanga, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Mwalimu mkuu wa kisiwani anapokea fedha ile ile, anaiona ikipungua njiani, na inapofika kwenye ujira wa fundi imebaki makombo. Hapo fundi wa kisiwani hulipia gharama ya ziwa. Hatuoni ni kwa haki gani.

Kalenda nayo haisaidii. Msukumo wa kumaliza madarasa huja Novemba na Desemba ili Januari watoto waingie. Lakini kwetu Usukumani miezi hiyo ni ya vuli. Mvua inakatisha kupiga lipu, zege linahitaji kufunikwa, na vijana wanaitwa na wazazi wao shambani kupanda mahindi na pamba. Ni wakati ambao kibarua ni adimu na kazi ni ngumu kuliko wakati wowote, na ndio wakati tunaotaka fundi ashushe bei. Mchuuzi wa dagaa wa Kirumba angecheka kusikia biashara ya namna hiyo.

Tunajua hoja itakayotolewa dhidi yetu, na si hoja ya kupuuzwa. Watu watauliza: je, nchi hii haikujengwa kwa kujitolea? Novemba 1974, hapa hapa katika mwambao wa ziwa hili, Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba kila mtoto wa Tanzania apate elimu ya msingi ifikapo 1977, wakati nchi haikuwa na fedha za kujengea madarasa hayo. Vijiji vilifyatua tofali, vilikata miti, vilisomba maji kwa ndoo. Wengi wa wasomaji wetu wenye mvi walisoma katika vyumba hivyo, na wengine walifundishwa na walimu wa UPE waliokuwa wakijifunza ualimu jioni na kufundisha asubuhi. Je, fundi wa leo ni bora kuliko wao?

Jibu letu ni kwamba tunachanganya mambo mawili. Katika kujitolea kwa Musoma, kila mtu alitoa. Mwenye ng'ombe alitoa ng'ombe wa kuvuta mchanga, mwenye mikono alitoa mikono, mwenyekiti wa kijiji alibeba tofali kichwani mbele ya watu, na fundi naye alitoa ufundi wake. Hakuna aliyekuwa akilipwa bei ya soko huku jirani yake akiambiwa ajitolee. Siku hizi kiwanda cha saruji hakijitolei. Mwenye boti hajitolei. Sisi watumishi tunaosimamia kazi hatujitolei, tunapokea mshahara wetu kama kawaida, na pengine posho ya kikao kile kile kinachoamua kumpunguzia fundi. Kujitolea kunakoagizwa kwa mtu mmoja peke yake, tena baada ya kazi kuanza, ni kodi ambayo Bunge halikuipitisha. Bendera ya Chama ina jembe na nyundo. Nyundo ile si pambo, ni ya mtu huyu huyu.

Wapo watakaosema: lakini soko ndilo linaloamua. Mafundi ni wengi, asiyetaka aondoke, kesho asubuhi wengine watano wako getini. Ni kweli wako. Na hapa hatuna budi kusema wazi kwamba fundi mwenye watoto na kodi ya nyumba mara nyingi atakubali, naye hatumlaumu. Mwenye njaa hana nafasi ya kuchagua msimamo. Lakini mwalimu mkuu si mchuuzi, na fedha ya shule si mtaji wake. Ofisi ya umma ina sheria yake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka makubaliano yawe ya hiari iliyo huru, wala haipendi ridhaa iliyopatikana kwa mwenye nguvu kumbana asiye nazo. Fundi anayeambiwa kwamba asipopunguza hatalipwa hata ile awamu aliyokwisha maliza, hiyari yake iko wapi? Tena tusidhani kwamba jina linabadili ukweli. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 61, inasema jinsi mtu anavyoweza kuchukuliwa kuwa mwajiriwa hata kama ameitwa kwa jina jingine, kwa kutazama nani anampangia kazi na saa zake, nani anampa zana, na kama maisha yake yanamtegemea huyo mmoja. Wako vijana waliokaa katika miradi yetu miezi na miezi, wakitoka darasa hili kuingia lile, wanaitwa vibarua huru. Afisa utumishi yeyote akikisoma kifungu hicho kwa utulivu atakuna kichwa.

Na tutazame upande wa pili wa meza. Mkandarasi mkubwa mwenye hati ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi, Serikali ikichelewa kumlipa, anadai riba, na taarifa za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeonyesha zaidi ya mara moja mabilioni yaliyolipwa kwa njia hiyo. Mikataba ya muda mrefu ina kifungu cha kurekebisha bei pale nondo au mafuta yanapopanda. Hatusemi ni vibaya. Mtu aliyecheleweshewa haki yake anastahili fidia. Tunachouliza ni kwa nini mwenye mtambo, akicheleweshewa, huongezewa, na mwenye mwiko, akicheleweshewa, huambiwa apunguze.

Hata kama tungeiacha haki kando, mkato huu hauokoi fedha. Walimu wanalijua jambo hili kuliko watu wote. Waliokuwa kazini katikati ya miaka ya 1980 wanakumbuka mshahara ambao haukufika tarehe 15. Mwalimu hakuacha kazi. Alikuja shuleni, alisaini daftari, aliandika tarehe ubaoni. Lakini nusu ya akili yake ilikuwa kwenye vitumbua vya mke wake, kwenye bustani ya mchicha, na baadaye kwenye twisheni ya jioni. Serikali ililipa kidogo ikapata kidogo, na mtoto ndiye aliyelipa tofauti. Hatumsuti mwalimu yule. Tunasema tu kwamba fundi naye ni binadamu wa namna hiyo hiyo.

Fundi wa kazi ya ufundi pekee haibi saruji ili afidie ujira wake, ingawa wapo wanaofanya hivyo, na mkono wa sheria uwafikie. Kitu anachopunguza ni kile kilicho chake: muda na nguvu. Kifusi cha chini ya sakafu kinachotakiwa kushindiliwa tabaka kwa tabaka, anakishindilia mara moja. Mchanga wa ziwani wenye udongo, aliokuwa auchekeche, anauchanganya ulivyo. Zege la sakafu na la lenta, ambalo linatakiwa kumwagiliwa maji si chini ya siku 7 ili likomae, linamwagiliwa mara mbili, kisha yule kijana wa kumwagilia anapelekwa kwenye kazi nyingine yenye kulipa, Usagara au Nyegezi. Hakuna mkaguzi anayeweza kuyaona hayo siku ya makabidhiano. Rangi inang'aa, viongozi wanakata utepe, picha zinapigwa. Mwaka wa pili sakafu inaanza kumenyeka kama ganda la muhogo, vumbi linawaingia watoto puani, na mwalimu mkuu mpya, ambaye hakuwepo, anaandika barua kuomba fedha za ukarabati. Zile laki 3 zilizookolewa hazitoshi hata kununua mchanga wa kurudia kazi.

Tuwe waadilifu. Mafundi nao wana makosa yao, na mwalimu mkuu aliyewahi kumtafuta fundi wiki nzima huku amekwisha chukua malipo ya awamu ya kwanza hatatusoma kwa furaha. Wapo wanaotaja bei mara mbili kwa kuwa wamesikia ni fedha ya Serikali. Wapo wanaoshika kazi tatu kwa wakati mmoja na kuzimaliza zote vibaya. Mtu wa namna hiyo asipewe kazi tangu mwanzo, na bei iliyopandishwa ikataliwe mezani kabla ya mtaro wa msingi kuchimbwa. Hatupingi kupatana. Fundi anayepewa madarasa manne kwa pamoja badala ya moja anaweza kushusha bei ya kila moja, kwa sababu mbao zile zile za kusukia zege zitazunguka na vijana hawatakaa bure. Fundi anayehakikishiwa kwamba kila hatua atalipwa ndani ya siku tatu, msingi, boma, kupaua, lipu, anaweza kushusha bei pia, kwa sababu hatakopa kwa riba ya mtaani ili alishe kundi lake. Upunguzaji huo una kitu unachokilipia, umeandikwa, na pande zote mbili zimeondoka na kitu. Vivyo hivyo ramani ikipunguzwa, bei ishuke. Lakini kupunguza ujira huku kazi ni ile ile, futi zile zile, na siku zile zile, hilo jina lake ni jingine.

Wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa wana somo kwa mafundi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wakipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, ratili baada ya ratili. Aliyekataa aliambiwa arudi na pamba yake nyumbani, na pamba kama ukuta, haina kazi nyingine ukishaitoa shambani. Hawakushinda kwa mtu mmoja mmoja kununa. Waliweka watu wao wenyewe wa kusimamia mizani, wakaunda vyama, na chini ya uongozi wa Paul Bomani shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria likazaliwa mwaka 1955. Muongo ule haukwisha kabla ushirika haujashika ununuzi wa zao la pamba. Fundi anayekaa peke yake mbele ya kamati ya watu tisa ni kama mkulima yule wa mizani. Kikundi cha mafundi wa kata moja, kilichosajiliwa, chenye bei yake ya kila hatua iliyobandikwa ukutani, si rahisi kuambiwa wako wengine getini. Milango ipo: mfumo wa ununuzi wa NeST unawaandikisha mafundi, Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023 inayatambua makundi maalumu, na mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu ilirejeshwa mwaka 2024. Maafisa maendeleo ya jamii wasisubiri mafundi waje ofisini. Wawafuate kwenye jukwaa.

Kwa upande wa watumishi, tunaomba mambo ambayo hayahitaji fedha mpya. Siku fedha inapoingia katika akaunti ya shule, sehemu ya ufundi itengwe katika hesabu, isiguswe kununulia bati wala rangi, na kamati isiwe na madaraka ya kuihamisha bila ya mhandisi wa halmashauri kuandika kwa mkono wake. Upungufu ukitokea, utokee kwenye vifaa, ambako utaonekana, na ambako mwalimu mkuu anaweza kusimama mbele ya mkurugenzi akasema darasa hili halina rangi kwa sababu fedha haikutosha. Darasa lisilo na rangi ni aibu ndogo na ya kweli. Pia makadirio ya visiwani yaandikwe kwa bei za visiwani. Mhandisi wa Ukerewe anazijua nauli za mizigo, na haina maana kumpa jedwali lililopangwa kwa shule iliyo kando ya lami.

Twajua mwalimu mkuu yuko katika hali gani. Hakusomea ujenzi. Amepewa tarehe na mkuu wa wilaya, simu inalia kila jioni kuuliza umefikia wapi, na anaogopa kwamba darasa lisipokwisha yeye ndiye atakayeulizwa. Ni rahisi kwake kumbana fundi kuliko kumwambia mkubwa wake kwamba fedha haikutosha. Basi wakubwa nao wapokee jibu hilo bila ya kumtisha anayelileta, maana hofu ile ya ofisini ndiyo inayoshuka ngazi kwa ngazi mpaka inamfikia kijana wa zege.

Kuna jambo moja la kufanywa hata kabla ya mradi mwingine kuanza. Katika mafaili ya baadhi ya shule, za bara na za visiwani, yamo madai ya mafundi waliomaliza kazi na kubaki na salio, laki 2, laki 4, wengine zaidi, wakiambiwa wasubiri mgawo ujao. Wengine wamekwisha hama wilaya, na barua zao zimebaki chini ya meza. Wakurugenzi wa halmashauri za Mkoa wa Mwanza waagize madai hayo yaorodheshwe shule kwa shule, yahakikiwe na mhandisi, na yalipwe kwa bei iliyoandikwa siku ile ya kwanza.